Mume kaniandikia talaka, nyumba inatafutiwa mteja. Naanzia wapi?

mama_wawili

Habarini za jioni ndugu zangu. Mwenye uzoefu wa mahakama za huku chini naomba anielekeze kwa lugha nyepesi, maana kichwa changu kwa sasa hakishiki kitu.

Niliolewa mwaka 2013, ndoa ya Kiislamu, cheti ninacho. Tuna watoto wawili, wa kike miaka 9, wa kiume 4. Tupo Morogoro, nje kidogo ya mji. Jumanne iliyopita mume wangu alirudi saa nne usiku, hata hakukaa. Akaweka karatasi mezani, akatoka. Imechanwa kwenye daftari la hesabu la binti yetu, ukiigeuza unaona majibu yake ya kujumlisha na tiki za mwalimu. Upande wa pili: "Nimekuacha talaka moja", jina, sahihi, na mashahidi wawili, rafiki zake wa kijiweni.

Kesho yake shemeji akaja kuniambia eda ikiisha nitafute pa kwenda, nyumba inauzwa. Kiwanja mume alikinunua 2011, hatujaoana, kikiwa na msingi tu. Kuta, paa, choo, kisima, vyote vimekuja mimi nikiwepo. Nauza maandazi na vitenge. Bati 42 nilinunua kwa pesa yangu ya mchezo, risiti zipo kwenye kopo la maziwa pamoja na kadi za kliniki za watoto. Ila hati ya mauziano ya kiwanja ina jina lake peke yake.

Nilipokwenda ofisi ya kata nikaambiwa, "Mama, ukishapewa talaka sisi hatuna kazi na wewe, ndoa imekwisha." Ni kweli?

Mkulima wa Dumila

Pole sana dada. Karatasi hiyo inatosha, nenda nayo mahakamani moja kwa moja ukagawiwe chako. Usipoteze muda kwenye mabaraza.

Karani Mstaafu

Mkulima, nia yako ni njema lakini ushauri huo utamrudisha huyu dada nyuma mwaka mzima. Nimefanya kazi masjala ya mahakama ya mwanzo hadi nastaafu, na watu waliokuja na karatasi ya talaka mkononi wakarudishwa mlangoni siwezi kuwahesabu.

Mama wawili, soma taratibu. Tanzania Bara ndoa zote, za msikitini, kanisani, kimila na bomani, zinasimamiwa na Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 101 kinasema huwezi kufungua shauri la talaka mpaka mgogoro uwe umepita Baraza la Usuluhishi la Ndoa na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza hilo lipo ngazi ya kata. Yapo pia mabaraza ya dini yanayotambulika, kwa Waislamu la Bakwata. Huyo aliyekwambia hawana kazi na wewe amekosea, na kosa lake lingekugharimu nyumba. Rudi palepale, omba kuandika malalamiko kwa baraza. Wakikataa, nenda Bakwata wilayani.

Sasa sikiliza vizuri hapa, ndipo wengi wanapoumia. Kazi ya baraza ni kusuluhisha tu. Halivunji ndoa, haligawi nyumba, halisemi mtoto akae kwa nani. Wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati, wengi wanaiita Fomu Namba 3. Kabla hujatoka pale isome. Iseme waziwazi kwamba baraza lilisikiliza na limeshindwa kusuluhisha. Iwe na sahihi ya mwenyekiti na muhuri. Akidi nayo uiangalie: mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Nimewahi kuona hati imeandikwa "tumewaachanisha, mke apewe kitanda na magodoro mawili". Yule mama alishinda mahakama ya mwanzo, mwenzake akakata rufaa, kila kitu kikafutwa kwa sababu ya hati ile. Akaanza upya barazani, mtoto aliyekuwa anamnyonyesha wakati wa kesi ya kwanza akiwa ameshaanza shule.

Na hati hiyo ina umri. Miezi sita ikipita kabla hujafungua shauri, imekufa, unaomba nyingine.

mama_wawili

Asante sana baba. Sasa asipokuja barazani? Hataki hata kupokea simu yangu.

Karani Mstaafu

Hati za wito zipite kwa mjumbe au mtendaji, na kila moja ibaki kwenye jalada. Mabaraza mengi huita mara tatu. Akigoma kwa makusudi, sheria yenyewe inakuruhusu kwenda mahakamani, kugoma kwake hakukufungi. Vilevile kama mtu katelekeza familia na hajulikani alipo. Wako anajulikana, kwa hiyo mwite.

Bint Pangani

Dada, najua kuna jambo linakukaa moyoni hujaliandika, maana na mimi lilinikaa: kwamba ukienda mahakamani utakuwa umeikataa talaka ya dini. Hapana. Sheria hiyo hiyo inasema kwa ndoa ya Kiislamu, baraza likishathibitisha kushindwa, kisha mmoja wenu akafanya jambo ambalo kwa dini linavunja ndoa, mahakama itakubali kwamba ndoa imevunjika. Angalia mpangilio lakini: baraza kwanza, talaka baadaye. Yako imetangulia, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Mweleze hakimu yote yaliyotokea ndani ya ndoa.

Na eda ni haki yako. Talaka moja ni rejea, yaani anaweza kukurudia kabla eda haijaisha. Unakaa humo humo nyumbani, na matumizi ni juu yake. Shemeji hana mamlaka ya kukuhesabia siku.

Fundi_Kihonda

Naomba niseme kama mwanaume niliyekuwa upande wa pili. Mwaka 2019 niliandika karatasi kama hiyo nikidhani nimemaliza. Nikapata mteja wa nyumba, tukaelewana bei, siku ya kuandikishana mwanasheria wake akauliza ridhaa ya mke iko wapi. Nikatoa karatasi ya talaka. Akanirudishia, akasema hii si amri ya mahakama, huyu bado ni mkeo. Biashara ikafa pale pale. Nilikasirika sana wakati ule. Leo namshukuru, kwa sababu wanangu wangelala wapi?

Kwa hiyo dada, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yako, hata kama jina ni lake. Lakini usikae ukategemea uungwana wa mteja. Wahi.

Msaidizi wa Kisheria Moro

Fundi kasema kweli, naongezea namna ya kuwahi. Kifungu cha 59 kinampa mwenza haki ya kulinda maslahi yake kwenye nyumba ya ndoa. Kiwanja kingekuwa na hatimiliki, ungeweka zuio kwa Msajili wa Hati. Chako kinaelekea ni cha hati ya mauziano ya mtaa. Basi kesho asubuhi andika barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa: hii ni nyumba ya ndoa, kuna mgogoro, sijaridhia iuzwe, msigonge muhuri. Wagongee nakala yako "imepokelewa", na tarehe. Mahakamani utaomba pia amri ya kuzuia isiuzwe mpaka shauri liishe.

Kuhusu kiwanja kuwa cha kabla ya ndoa, usikate tamaa. Kifungu cha 114 kinahesabu pia mali ya mmoja wenu iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa juhudi za pamoja. Msingi kuwa nyumba yenye bati 42 ni uendelezaji. Na usiseme mbele ya hakimu "mimi nilikuwa napika tu". Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango. Wanawake wengi wanaijua kwa jina bila kujua mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona mumewe alikwishampa fedha za mradi, na yeye Bi Hawa akazitapanya. Yaani mchango unatambuliwa, kisha unapimwa. Nusu kwa nusu si lazima. Ndiyo maana risiti zako ni dhahabu. Zipige picha leo, wino wa zile karatasi unafifia.

Watoto: mahakama hutazama ustawi wao. Kwa mtoto chini ya miaka 7 sheria inaanza na dhana kwamba ni vema akae na mama, ila dhana hiyo yaweza kupingwa. Matunzo ni wajibu wa baba popote watoto watakapokaa, na waweza kuyadai sasa hivi kabla ya talaka. Anza na ofisi ya ustawi wa jamii.

Je, amewahi kukupiga?

mama_wawili

Mwezi wa nne alinisukuma, nikaangukia ukingo wa mlango, nikashonwa nyuzi tatu. Nilichukua PF3 polisi, ile fomu ya kwenda kutibiwa. Sikuendelea, mama mkwe alinisihi.

Msaidizi wa Kisheria Moro

Pole sana mama. Itafute hiyo PF3, na daftari la hospitali. Ukatili ni moja ya mambo mahakama inayoyatazama kuona kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Akikugusa tena usisubiri baraza, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyo hiyo. Msaada wa kisheria upo bure kwa asiye na uwezo, kwa Sheria ya 2017, kwa hiyo asikutoze mtu pesa ya "kukuandikia".

mama_wawili

Narudi kuwapa mrejesho, wiki tano baadaye.

Barua ya mtaa ilipokelewa. Mtendaji aliniambia mnunuzi alikuwa ameshakuja mara mbili. Kata walikubali nilipotaja baraza kwa jina lake. Wito wa kwanza hakuja, wa pili akaja na kaka yake. Tulikaa kwenye benchi moja, mwenyekiti akamuuliza kama anataka kurudiana, akatazama chini muda mrefu, akasema hapana. Nilidhani nitalia. Sikulia.

Hati ninayo. Kwanza waliandika "ndoa imevunjwa na baraza". Nikamwonyesha katibu, nikamwambia baba mmoja mstaafu amenifundisha, hii itanirudisha. Akanitazama, akaenda kumwita mwenyekiti, wakaandika nyingine: limeshindwa kusuluhisha. Sahihi, wajumbe wanne, muhuri. PF3 nimeipata ndani ya msahafu.

Jumatatu naenda mahakama ya mwanzo. Nipeleke nakala ngapi?

Karani Mstaafu

Tatu, mwanangu. Halisi usimwachie mtu mpaka ifike kwa karani, na ufike saa mbili kamili.