Roli nne za marehemu baba hazijasafishwa: maabara ya kawaida, wataalamu wa filamu kuukuu, au nisafishe mwenyewe?

MwanaWaMpigapicha: Wakuu, kwenye sanduku la marehemu baba nimekuta roli nne za milimita 35. Ndimi zote, yaani ncha za filamu, zimevutwa ndani ya mikebe, kwa hiyo naamini alishazipiga. Mbili ni Kodak Gold 200, moja Tri-X na moja Kodachrome 64. Zimekaa kabatini zaidi ya miaka 30. Kuna maabara inayosafisha filamu kila siku, kuna wanaoshughulika na filamu kuukuu tu, na kuna kununua dawa nijifanyie, ingawa sijawahi kusafisha filamu. Niende wapi? Baba ndiye aliyekuwa akishika kamera, huenda humo yumo mama, na sina picha yake hata moja ya ujanani.

ChumbaChaGiza: Pole sana mkuu. Zote nne zisipite njia moja. Soma jina la mchakato kwenye kila mkebe. Gold ni C-41, mchakato wa filamu za rangi, unatumika mpaka leo. Tri-X ni nyeusi na nyeupe, na hizo ndizo huvumilia miaka kuliko zote. Kodachrome ni K-14, na hapo uwe macho: rangi zake hazikuwekwa kwenye filamu kiwandani, zilikuwa zinaingizwa wakati wa kusafisha. Maabara ya mwisho duniani kuifanya kazi hiyo, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kupokea roli hizo mwisho wa Desemba 2010. Siku hizi husafishwa kama nyeusi na nyeupe tu. Atakayekuahidi rangi, usimpe. Pia isiingizwe kabisa kwenye mashine ya C-41. Ina safu nyeusi mgongoni inayochafua dawa, na picha hutazipata.

Nuru35: Kwa hizo Gold mimi nasema maabara ya kawaida. Ni haraka na gharama ni ndogo. Niliwahi kupeleka roli tatu za umri huo: moja ilirudi na rangi zilizoyumba na chembe kubwa lakini nyuso zinatambulika, mbili zilijaa ukungu, yaani kijivu kinachofunika picha.

MzeeNegativu: Hizo mbili ndizo zinazoniuma, Nuru. C-41 haina nafasi ya kumsikiliza mgonjwa: dawa ya kwanza ni nyuzi 38, dakika 3 na sekunde 15, basi. Mtaalamu wa filamu kuukuu anaweza kuisafisha filamu ya rangi kwa dawa ya nyeusi na nyeupe, akapunguza joto, akaongeza kemikali ya kuzuia ukungu, akajaribu kwanza kipande kidogo. Rangi unaisahau, lakini sura unaweza kuipata. Mwaka 1930 filamu za safari ya puto ya Andrée, mpelelezi wa Sweden aliyetaka kufika Ncha ya Kaskazini, zilikutwa kwenye barafu ya kisiwa cha Kvitøya, zikiwa zimelala huko tangu 1897. John Hertzberg alizisafisha Stockholm kwa subira, akaokoa picha 93. Miaka 33 kwenye barafu!

Nuru35: Barafu lakini, mzee. Baridi huhifadhi, kabati lenye joto hula.

MzeeNegativu: Kweli kabisa. Ndiyo maana simwahidi kijana kitu.

MwanaWaMpigapicha: Nimesoma mahali kwamba niongeze hatua moja ya mwanga kwa kila miaka kumi. Nimwambie fundi?

ChumbaChaGiza: Hapana. Hiyo ni kwa anayepiga picha leo kwa filamu iliyopitwa na muda. Zako zilipata mwanga wake zamani. Fundi akirefusha muda wa dawa bila kipimo, ukungu nao unapanda. Peleka Gold moja tu C-41, usubiri. Ikija na picha, nyingine ifuate. Ikija na ukungu, nyingine iende kwa wataalamu. Tri-X na Kodachrome ziende kwao moja kwa moja. Kujifunza kusafisha ni jambo zuri, nami napenda dawa ya HC-110 kwa sababu haileti ukungu mwingi, ila jifunzie roli mpya. Kama kuna safari ya ndege, omba zikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT za kukagua mizigo zinaharibu filamu.

Nuru35: Kuskani: skana bapa inatosha kwa albamu. Hata kwa dpi (nukta kwa inchi) 2400 halisi, fremu ya milimita 24 kwa 36 inakupa takriban pikseli 3400 kwa 2270. Usidanganywe na 6400 ya kwenye boksi, skana hizo hazifiki huko. Kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro huchimba zaidi, ila inataka mkono uliozoea. Ile huduma ya kufuta vumbi kwa mwanga wa infraredi izimwe kwenye Tri-X, kwani fedha iliyo kwenye negativu huizuia infraredi na picha inaharibika. Muhimu kuliko yote, dai negativu zako zirudi. Faili la maabara likiwa baya utaskani upya, negativu ikitupwa imekwenda.

MwanaWaMpigapicha: Gold ya kwanza imerudi. Fremu 9 kati ya 36 zinasomeka, nyingine ni kijivu. Kwenye ya nne yupo mama mlangoni, amebeba mtoto nisiyemjua, anacheka. Gold ya pili sitaipeleka C-41. Rangi naiacha, inakwenda kwa wataalamu pamoja na zile mbili.