Matanga ya meli za mizigo: nafuu itolewe kwa kufunga au kwa kusukuma?

Mleta mada: Tangu Januari 2025 kanuni ya Ulaya ya FuelEU inaipa meli yenye matanga nafuu ya asilimia 1, 3 au 5 kwenye hesabu ya uchafu wa mafuta yake, nguvu ya matanga ikifika asilimia 5, 10 au 15 ya nguvu inayoisukuma meli. Nguvu hiyo hukokotolewa kwa jedwali la pepo za dunia, haipimwi safarini. Huko ni kumlipa mtu kwa kuwa na jembe, alime asilime.

Mhandisi: Mkuu, kanuni hiyo inapima uchafu (gesi zinazoongeza joto duniani) kwa kila megajuli ya nishati, haihesabu tani za mafuta. Tanga likipunguza mafuta, yanayobaki ni machafu vilevile. Bila nafuu hiyo tanga halionekani kabisa kwenye hesabu.

Mleta mada: Hapo nimekuelewa. Ila tazama rota, ule mnara unaozunguka, wa tangu meli Buckau ya mvumbuzi Flettner mwaka 1924. Mnara wa mita 30 kwa 5 ukizunguka mara 180 kwa dakika, uso wake unakimbia mita 47 kwa sekunde. Tuseme mnyanyuko, kani inayoukata upepo, ni 8, na ukinzani, kani inayofuata upepo, ni 2.5. Upepo wa ubavuni, nyuzi 90, hizo 8 zote zinasukuma mbele. Ukija nyuzi 20 tu kutoka omo, yaani mbele ya meli: 8 mara 0.34 (saini ya nyuzi 20) ni 2.7, toa 2.5 mara 0.94 (kosaini yake), ambayo ni 2.35. Imebaki 0.4 hivi, na umeme wa mota bado hujautoa!

Baharia: Na meli ya injini hujivutia upepo omoni. Ikienda noti 14 (maili 14 za baharini kwa saa), upepo wa ubavuni wa noti 14 unafika sitahani kama noti 20 kwa nyuzi 45. Ule wa tezi, yaani wa nyuma, ambao jahazi hulifurahia, ukiwa noti 14 unakuwa sifuri. Halafu kuna msukumo wa pembeni: meli haina mkuku (uti wa chini) mrefu, inateleza demanini, upande upepo unakoelekea. Minara yote ikiwa tezini, omo inataka kugeukia joshini, upande upepo unakotoka, usukani unashikiliwa umepinda njia nzima, na huo nao ni breki.

Mhandisi: Ndiyo maana wengine wamechukua mabawa, matanga magumu yanayosimama kama bawa la ndege. Meli ya mizigo Pyxis Ocean ilifungwa mawili ya mita 37.5 mwaka 2023. Miezi sita ya kwanza iliokoa wastani wa tani 3 za mafuta kwa siku. Hulazwa sitahani bandarini, yasigombane na kreni. Kupima kunawezekana: pima msokoto wa shafti ya pangaboi na mwendo majini, washa tanga, zima, washa tena, linganisha.

Baharia: Upepo ukitulia, sawa. Kani ya bawa hufuata mraba wa kasi ya upepo: ukipanda kutoka noti 20 hadi 23 katikati ya jaribio, kani imeongezeka asilimia 32, na anayetaka nafuu atachagua saa ya kuwasha.