The Promised Neverland: nguvu yake ilipotelea wapi?

Mleta mada:
Ndugu wanajamvi, juzi nimemaliza kuisoma manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya The Promised Neverland, iliyotungwa na Kaiu Shirai na kuchorwa na Posuka Demizu. (Nitataja mwisho wake, hivyo asiyeisoma aishie hapa.) Sura 37 za mwanzo, ambamo watoto wa Grace Field wanagundua kwamba nyumba yao ya yatima ni shamba na wao ndio mifugo ya mazimwi, nilizimaliza kwa usiku mmoja. Zilizobaki, hasa kuanzia katikati, nilizisoma kwa kujilazimisha. Je, tatizo lilianzia wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Lilianza watoto walipotoroka na kuvuka ukuta wa shamba. Ndani ya ile nyumba adui mkuu alikuwa mmoja, Mama Isabella, mlezi wao, siku zilihesabika, na sisi wasomaji tulijua kile tu walichokijua watoto, kiasi kwamba sungura wa kitambaa aliyesahauliwa alitosha kututia hofu. Huko nje hawakuhitaji tena kupeleleza, kwa sababu hata habari za ahadi ya miaka 1,000 iliyopita baina ya watu na mazimwi walisimuliwa na Sonju, mpita njia.

Mchangiaji wa pili:
Naomba kutofautiana nawe. Sehemu ya Goldy Pond, ambako mazimwi wakubwa huwawinda watoto kwa starehe, ilikuja baada ya kutoroka na bado ilinikosesha usingizi. Ingawa, nikitafakari, nayo ni mahali palipofungwa, na huenda ninakuunga mkono bila kukusudia. Kwangu mimi hadithi ilivunjika aliporudi Norman, mtoto wa Grace Field tuliyedhani ameshaliwa. Tulishamlilia. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini huyu hakuliwa hata kidogo, na tangu hapo sikuogopa tena kifo cha yeyote.

Mchangiaji wa tatu:
Wengi husingizia ratiba ya kila wiki ya jarida la Weekly Shonen Jump, ambako ilitoka kuanzia Agosti 2016 hadi Juni 2020, jumla ya sura 181. Ratiba hiyo hiyo ndiyo iliyotupa mwanzo ule mzuri. Nionavyo mimi, watunzi walikusanya mambo mengi mno, yaani malkia wa mazimwi, ukoo wa Ratri (watu wanaoilinda ile ahadi), Kuta Saba (njia ya kuifikia ahadi mpya) na mapinduzi ya Norman, kisha wakayafunga kwa pupa. Anime, yaani katuni yake ya televisheni, ndiyo usiseme: msimu wa pili, wa mwaka 2021, uliiruka Goldy Pond yote.

Mleta mada:
Nawashukuru. Nimerudi kulinganisha gharama mbili anazolipa Emma, msichana mhusika mkuu. Mwanzoni, ili atoroke, anakata sikio lake mwenyewe, na tunaiona damu na bendeji. Mwishoni, kwa ajili ya ahadi mpya, anapoteza kumbukumbu zote za ndugu zake, jambo zito kuliko sikio, lakini baada ya kurasa chache anakutana nao, analia, na wanaanza kuishi pamoja. Sikio lile liliniuma zaidi.