Siku 12 pwani ya Mediterania mwezi wa sita, tukitokea Mtwara: naomba mnikosoe ratiba

MkaziWaShangani
Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tunataka mwakani mwezi wa sita tutembee pwani ya Mediterania, kutoka Nice ya Ufaransa hadi vijiji vya Cinque Terre vya Italia, kwa treni na bila kukimbizana. Kipato chetu ni korosho na duka dogo. Ratiba niliyoandika ina miji 8, kila mji usiku mmoja au miwili. Viza naombea Ufaransa kwa kuwa ndege inatua Nice. Naomba mnikosoe kabla sijalipia chochote. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo na suala la chakula mlitazame.

BintiMikindani
Kaka, hiyo miji minane ndiyo itakayowachosha. Kila mnapohama siku inakatika katikati: chumba cha kwanza mnatakiwa kutoka saa nne au saa tano asubuhi, cha pili hampewi ufunguo mpaka saa tisa alasiri, na muda wote huo mabegi mnayo wenyewe. Mkihama mara saba, mmepoteza karibu siku nne za safari.

Laleni mahali patatu tu: Nice usiku 4, Camogli usiku 3, Levanto usiku 4. Kwingine kote nendeni asubuhi mikono mitupu, jioni mrudi. Menton, Monaco na Antibes zote ziko kwenye reli ileile ya Nice. Camogli ni mji wa wavuvi, nyumba ndefu za rangi zimejipanga juu ya maji, na madirisha mengine si madirisha, ni picha tupu zilizochorwa ukutani. Ukisimama chini yake ndipo unagundua kwamba hakuna kioo. Kutoka hapo kuna boti ya kwenda San Fruttuoso, mahali pasipofikika kwa gari. Levanto iko jirani na Cinque Terre, ila ina tambarare na ufukwe mpana, na wageni wengi hupitiliza.

Stakabadhi
Mkuu, ukifuata mpango wa dada hapo juu, Ufaransa unalala 4 na Italia 7. Basi viza unaombea Italia. Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, haiangalii ndege inatua wapi, inaangalia nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Nchi ya kuingilia inahesabiwa pale tu siku zinapolingana. Watu wengi hukataliwa au kurudishwa kwa kosa hili.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, ila sheria inawaruhusu kufika 45, kwa hiyo peleka Februari au Machi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari lazima ifike yuro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa 2 wazi, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka kwao. Alama za vidole unaacha mwenyewe, hatumwi mtu.

Sasa sehemu inayowaangusha wakulima wetu. Fedha ya korosho huingia kwa mkupuo baada ya mnada. Afisa akiona taarifa ya benki imekaa kimya miezi mitatu, halafu siku moja zimeingia mamilioni, anadhani umeazimwa ili uonekane unazo. Ambatanisha stakabadhi za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) zenye kilo, bei na tarehe, na barua fupi inayoeleza kwamba msimu huanza Oktoba na malipo huja hivyo. Weka na leseni ya duka, hati ya ndoa, na karatasi ya shamba au nyumba. Hivyo vya mwisho ndivyo vinavyoonyesha mna cha kurudia. Ndege shikilieni nafasi tu; tiketi mlipe viza ikishatoka.

Halafu msipange basi la Mtwara lifike Dar siku ileile ya ndege. Mei 2024 barabara ilikatika Somanga kwa mafuriko, malori na mabasi yakakwama siku kadhaa. Fikeni Dar siku mbili kabla.

ReliNaBahari
Upande wa treni. Treni ya Kifaransa inaishia Ventimiglia, mpakani upande wa Italia, mwendo wa dakika 50 hivi kutoka Nice. Hapo mnashuka, mnapanda ya Kitaliano kwa tiketi nyingine. Acheni nafasi ya dakika 30, maana ikichelewa kidogo tu mnaikosa ya pili. Kurudi Ufaransa, polisi hupanda treni Menton na kukagua, kwa hiyo hata mkienda Italia kwa matembezi ya mchana bebeni pasipoti yenyewe. Kivuli chake hakitoshi.

Treni za mkoa za Italia bei yake haipandi hata ukinunua dakika ya mwisho. Ila tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla ya kupanda. Usipoigonga, faini, hata kama umelipa. Kaeni upande wa kulia mkielekea mashariki, bahari iko huko.

Mkisikia neno "sciopero", ni mgomo. Siku za kazi treni za mkoa hubakishwa saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Siku hiyo hameni alfajiri.

MkaziWaShangani
Dada, mkuu, nashukuru sana. Miji mitano nimeshaifuta. Tarehe ipi nzuri? Na bahari yenyewe ikoje kwa mtu aliyezoea ya huku?

BintiMikindani
Kuanzia Juni 8 au 9 hivi. Juni 2 ni sikukuu ya Italia, na kuanzia 2026 mashindano ya magari ya Monaco yako wikiendi ya kwanza ya Juni. Siku hizo vyumba hupanda bei hadi Menton. Julai ndiyo shule za Ufaransa hufunga, na watu hufurika.

Maji ni baridi kuliko ya kwetu, nyuzi 20 au 21. Na hayapwi. Hapa Mikindani bamvua likitoka mitumbwi inalala kwenye tope. Kule maji hayashuki hata futi moja, boti imefungwa palepale asubuhi na jioni. Ufukwe wa Nice ni mawe ya mviringo, nunueni viatu vya mpira. Italia sehemu kubwa ya ufukwe ni ya kulipia kiti na mwavuli. Ya bure imeandikwa "spiaggia libera".

Jua Nice linazama saa tatu na dakika kumi usiku. Kwa hiyo magharibi mnaswali saa hiyo, na isha ni baada ya saa tano. Laleni kidogo mchana, la sivyo alfajiri itawashinda.

Chakula: nyama tafuteni bucha za halali Nice. Socca ya Nice na farinata ya Genova ni unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, zinaokwa kwenye sinia kubwa, mnakula bila wasiwasi. Monterosso, kijiji kimoja cha Cinque Terre, wana dagaa wa chumvi. Kwenye mikate someni au ulizeni "strutto", hayo ni mafuta ya nguruwe. "Pancetta" na "prosciutto" ni nyama yake.

ReliNaBahari
Niongeze kimoja: Corniglia, nacho kijiji cha Cinque Terre, hakiko usawa wa reli. Kutoka kituoni ni ngazi 382, na kandambili haziruhusiwi kwenye njia za milimani. Mkiona mama amechoka, kuna basi dogo linalopanda kutoka kituoni.