Tupeane uzoefu: mafundi wa filamu za kutisha za zamani

Mwanzisha mada: Wanajamvi, salaam. Waigizaji Boris Karloff na Bela Lugosi wanajulikana hata kwa wasiowahi kuziona filamu zao, lakini waliowapaka rangi, waliowawashia taa na waliowatungia muziki hutajwa kwa nadra. Naomba kila mmoja aeleze ni nani kati ya mafundi hao aliyemfunza jambo katika kazi yake.

Mchangiaji, Dar es Salaam: Kazi yangu ni mekapu ya filamu za Kibongo, hasa majini, misukule na majeraha, na ninayemheshimu kuliko wote ni Jack Pierce, mhamiaji kutoka Ugiriki aliyempa Karloff sura ya kile kiumbe katika filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931. Kichwa kile alikijenga juu ya kichwa cha mwigizaji kwa pamba na kolodioni (kimiminika kinachokauka na kuacha utando), tabaka juu ya tabaka, kazi iliyochukua takriban saa nne kila siku ya kurekodi. Nami hutumia pamba na gundi, na nimeona kwamba ugumu hauko katika kubandika bali pale pamba inapokutana na ngozi, kwa sababu jasho la mji huu huinua ukingo kabla mwongozaji hajasema lolote. Siku hizi huomba matukio ya msukule yarekodiwe alfajiri. Waongozaji hununa, lakini hukubali.

Mchangiaji, Unguja: Mimi hupiga fidla katika taarab. Bernard Herrmann aliuandika muziki wa filamu ya Psycho (1960) kwa ala za nyuzi pekee, bila tarumbeta wala ngoma, na mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, ambaye awali alitaka tukio la mauaji bafuni lisiwe na muziki wowote, alibadili nia baada ya kuusikia. Sisi tumezoea fidla imfuate mwimbaji na kumbembeleza. Kwa Herrmann upinde unashambulia. Nilipoyajaribu mapigo yale nyumbani, mama alinituma nikaangalie paka amepatwa na nini.

Mchangiaji, Mombasa: Kwangu ni Val Lewton, mtayarishaji wa studio ya RKO ya Hollywood aliyepewa fedha kidogo na majina ya filamu yaliyokwisha kuchaguliwa na wakubwa wake. Katika Cat People (1942), iliyoongozwa na Jacques Tourneur, tukio la bwawa la kuogelea halimwonyeshi mnyama: kuna vivuli ukutani na ngurumo tu. Mimi hurekodi filamu fupi kwa taa moja, na Lewton ndiye aliyenifanya niache kuihangaikia ya pili.

Mwanzisha mada: Ndugu wa Dar, Pierce aliishia wapi?

Mchangiaji, Dar es Salaam: Universal, studio iliyotengeneza Frankenstein, ilimwachisha kazi katika miaka ya 1940, wakati vinyago vya mpira vilivyotengenezwa kabla vilipokuwa vikiokoa muda ambao yeye aliutumia kitini pa mwigizaji. Alifariki mwaka 1968. Kwa watakaomwiga, kolodioni ina etha na hushika moto upesi, hivyo fungueni madirisha na msimruhusu mvuta sigara kukaribia.