Ulver na Blake: tuimbe andiko zima, au tukate?

Nyuzi4
Wakuu, salaam. Nina swali linaloninyima usingizi, na ningependa wajibu walioisikiliza kazi yenyewe.

Napiga besi kwenye kundi la watu wanne. Tunatia muziki wa metali kwenye utenzi wa kale, mizani 8 kila kipande. Beti kumi za mwanzo zilinoga. Kufika ya ishirini, mizani 8 zimekaa sawasawa mno juu ya mapigo manne. Gitaa linanguruma, lakini wimbo unabembeleza mtoto. Mpiga ngoma anataka tukate, tubaki na beti saba. Moyo wangu unakataa.

Ndipo nikairudia ile albamu ya kundi la Ulver wa Norwei ya mwaka 1998, walipotia muziki andiko la William Blake, mshairi na mchongaji wa Uingereza, *The Marriage of Heaven and Hell*. Lote. Diski mbili, zaidi ya dakika 100, na hata majina ya nyimbo yanafuata namba za mabamba ya shaba ambayo Blake alilichapia. Nimeisikiliza andiko likiwa mapajani, kidole kikifuata mstari. Je, kutokata ndiko kulikowabeba, au walibebwa na kitu kingine?

Chuma_Baridi
Mkuu, kateni. Sikiliza Iron Maiden, 1984, na shairi la baharia la Coleridge. Steve Harris, mpiga besi wao, alikisimulia kisa upya kwa maneno yake, maneno ya Coleridge mwenyewe akayanukuu mara mbili tu, katika wimbo wa dakika 13 na ushee. Katikati vyombo vinatulia, unasikia mbao za merikebu zikilia, halafu sauti inayasoma maneno ya mshairi taratibu. Yanachoma kwa sababu ni machache. Ulver nawaheshimu sana, ila kwenye diski ya pili huwa napotea njia.

Bi Manju
Ndugu Nyuzi4, andiko la Blake na utenzi wako ni vitu viwili vyenye maumbile tofauti. La Blake sehemu kubwa ni nathari. Shairi liko pale mwanzoni, kwenye "The Argument": mistari miwili ya Rintrah, kiumbe aliyebuniwa na Blake, anayenguruma na kutikisa mioto yake ndiyo inayofungua, na ndiyo inayorudi kufunga, kama kibwagizo. Baada ya hapo ni hoja, visa, na methali 70 za Jehanamu. Methali moja ina maneno matano, nyingine inajaza mistari miwili. Huwezi kuzilaza zote kwenye mpigo mmoja.

Kwa hiyo muziki ndio uliolazimika kulifuata neno. Mwaka mmoja kabla, kundi lile lile lilikuwa limetoa metali kavu, kasi mwanzo mwisho, rekodi yenyewe imekwaruzwa makusudi. Mwendo ule usingemchukua Blake. Humu ngoma ni za mashine, gitaa linaingia na kutoka, sauti ya mwimbaji wao, Rygg, imepitishwa mitamboni, na mahali pengi yuko katikati ya kunena na kuimba. Ndiyo maana waliweza kuimba kila neno na bado usijue sentensi ijayo itaangukia wapi. Jibu la swali lako liko hapo.

Na mimi kumkata Blake nisingethubutu. Mtu yule aliandika kinyumenyume juu ya bamba la shaba, kwa kimiminika kisicholika na asidi, ili asidi itafune shaba iliyobaki na herufi zibaki zimeinuka. Akachapa, kisha rangi ikatiwa kwa mkono. Mabamba 27 namna hiyo. Kila herufi ameigeuza kichwani kwanza.

Sasa utenzi wako. Neno liacheni, guseni mpigo. Hesabuni saba badala ya nane. Ubeti una mizani 32, kwa hiyo kila ubeti utaanzia mahali pengine ndani ya mpigo, na mwanzo wa ubeti hautakutana na mwanzo wa mpigo mpaka beti saba zipite. Gitaa libadilike kwenye kina cha bahari tu, pale kipande cha nne kinapofunga. Sikio litakuwa na pa kushika.

Chuma_Baridi
Bi Manju, hesabu hiyo nimeipiga kwa vidole mezani, imekubali. Naongeza moja: Ulver mwishoni, kwenye "A Song of Liberty", walialika sauti za wageni, Ihsahn na Samoth wa kundi la Emperor, na Fenriz wa kundi la Darkthrone. Masikio yakishachoka na sauti moja, sauti ngeni inayafungua. Nyuzi4, mnao waimbaji wangapi?

Nyuzi4
Mmoja, ila mpiga gitaa ana sauti nzito ambayo hatujawahi kuitumia.

Bi Manju, shikamoo. Jana usiku tumejaribu. Ubeti wa tatu mpiga ngoma alipotea, tukaanza upya. Wa tano nikapotea mimi. Mara ya nne hatukusimama, na ulipofunguka ubeti wa nane, neno la kwanza na ngoma kubwa vilianguka pamoja, baada ya kukimbizana muda wote ule. Mwimbaji alifumba macho akaendelea. Nywele zilinisimama mikononi.

Tumefika ubeti wa 22. Pumzi ndiyo inayotusumbua sasa, maana kwenye saba hakuna pa kuvutia hewa, nadhani hapo ndipo mpiga gitaa atapokea. Habari ya kukata mpiga ngoma hajaigusa tena.