Watunzi wa tamthilia wa Iringa, Mbeya na Njombe, tupeane uzoefu

Mtunzi wa Kihesa: Kamwene, ndugu zangu. Jana nilikuwa nikipanga kabati nikakuta muswada wangu wa mwaka 2009 umeliwa na mchwa kuanzia onyesho la tatu, nikakumbuka kwamba tangu nianze kutunga nimelipwa mara moja tu. Wenzangu mmeishije na kazi hii?

Wa Tukuyu: Mara moja? Dada, wewe una bahati.

Mwalimu wa Kalenga: Umenitonesha kidonda. Nilitunga tamthilia ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kuanzia vita vya Lugalo vya Agosti 1891 alipouawa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kupitia kuanguka kwa ngome yetu mwaka 1894, hadi Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe. Tulifanya mazoezi miezi miwili nyuma ya godauni la mahindi. Siku yenyewe ratiba ilisema saa nane. Mgeni rasmi alifika saa kumi na moja, ikasomwa risala, vikapita vikundi viwili vya ngoma, ndipo mshereheshaji akanifuata nyuma ya pazia akaninong'oneza kwamba zimebaki dakika kumi na tano, kwa hiyo tuanzie pale anapokufa. Nikakubali, na kukubali huko ndiko kusikonitoka moyoni. Kijana wangu aliingia huku bado anafunga maleba, akajipiga risasi kabla watu hawajajua ni nani, na mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti, "Huyo ni mwizi?" Ukumbi mzima ukacheka. Aliyeigiza Zelewski, ambaye alikuwa amejipaka unga wa sembe usoni tangu saa sita, hakutokea jukwaani kabisa. Nilimkuta ameketi juu ya debe, unga umepasukapasuka mashavuni, akaniuliza kama nauli ya kurudi Ipogolo bado ipo.

Wa Mwanjelwa: "Huyo ni mwizi?" Mwalimu, nisamehe, nimecheka hadi chai imemwagika.

Wa Njombe: Mwalimu, kosa lilikuwa la mpangilio. Ungeanza na fuvu la Mkwawa linaporejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kisha ukarudi nyuma, hata dakika kumi na tano zingetosha.

Mwalimu wa Kalenga: Bwana mdogo, nenda kajaribu wewe.

Wa Mwanjelwa: Mimi niliacha historia. Naandikia mashirika maigizo ya afya na ya mikopo, na watoto wangu wanasoma.

Wa Tukuyu: Hayo si maigizo, ni matangazo yenye wahusika.

Wa Mwanjelwa: Penina Muhando na Amandina Lihamba, wale watunzi wa tamthilia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipeleka sanaa za maonyesho vijijini miaka ya 1980, na hakuna aliyewaambia kwamba si watunzi.

Wa Tukuyu: Wao walikaa na wanakijiji wakatunga nao. Wewe unapokea ujumbe uliokwisha kuandikwa, kisha unaupachika mdomoni mwa mhusika.

Mtunzi wa Kihesa: Naomba mgombane kwa upole. Mimi nilitaka kujua la kufanya.

Wa Njombe: Chukua nusu ya malipo kabla ya mazoezi kuanza. Pia sajili muswada, kwa maana sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999.

Wa Tukuyu: Nani wa huku akupe nusu? Peleka kwa wachapishaji Dar es Salaam uombe iingie kwenye orodha ya vitabu vya sekondari. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969 na hadi leo wanafunzi wanainunua.

Wa Mwanjelwa: Orodha hiyo utaisubiri hadi mchwa wamalize na onyesho la kwanza. Nenda chuo cha sanaa Bagamoyo ukasome, au ulime viazi Uporoto na utunge wakati wa masika.

Wa Ipogolo: Shikamoo, mwalimu. Mimi ndiye niliyekuwa Zelewski. Ile nauli sikuipata, nilitembea.

Mwalimu wa Kalenga: Marahaba, mwanangu. Nitumie namba yako faraghani. Nakumbuka hata ile sembe ulijinunulia mwenyewe.